Saa Isiyoingia Maji

Kathure aliomba saa iwe feki. Aliomba kwa sauti, mbele ya wanaume wawili wazima, wala hakuona haya.

"Fundi, niambie ni feki. Sema tu hivyo nirudi Kibirichia nilale."

Kobia, fundi wa saa karibu na soko la Meru, alitandaza gazeti mezani. Bati la kibanda lilikuwa limeshaanza kuchoma, lakini yeye alikuwa ndani ya shati la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa. Koplo Mukiri akainamisha bahasha, na saa ikaanguka mezani na tope lake.

Ilivuliwa mkononi mwa maiti iliyookotwa bwawani, upande wa Gachoka. Maiti hiyo haikuwa na nguo wala uso; mamba walitangulia kufika. Majibu ya DNA yangechukua miezi. Kilichobaki cha kuulizwa kilikuwa saa hiyo tu.

Murithi, mumewe Kathure, alikuwa mpiga mbizi. Kazi hiyo alijifunza jeshini huko Mombasa, na hata baada ya kustaafu na kurudi kwenye viazi, watu walimwita mabwawani kuzibua pampu. Wiki tatu zilizopita aliondoka kwenda kazi ya siku mbili, bila kusema ni wapi. Simu ikazimika. Haikuwa mara ya kwanza. Mwanamume huyo alikuwa na tabia ya kupotea mwezi mzima, kisha kurudi na mkate mkononi, bila maelezo.

Shemeji walikwisha kumlilia na jeneza lilikuwa kwa seremala. Kathure peke yake ndiye aliyekataa, na sababu yake ilikuwa moja. Saa ya Murithi ilikuwa titaniamu halisi, zawadi ya mzungu aliyefanya naye kazi baharini. Feki za sura hiyohiyo zimejaa sokoni, na yeyote angeweza kufa akiwa amevaa feki.

"Wewe unaijua ile yake," alimwambia Kobia. "Uliisifu mbele yangu mpaka nikaona wivu."

"Naikumbuka, Mama Kajuju."

"Hakuwa anaingia maji bila hiyo. Hewa ya mtungi alikuwa anaipimia na hiyo saa. Hata shamba alikuwa anaenda nayo, na vile hii dawa ya viazi ilimtoa upele hapa." Akashika kifundo cha mkono wake. "Mwaka mzima anajikuna tu. Namwambia avue, anakataa."

Kobia akainua saa kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulibaki mapajani, chini ya meza.

"Ni nzito," alisema. "Titaniamu ni nyepesi. Ukiivaa unaisahau."

Akaisogezea sumaku ndogo. Saa ikaruka ikanata.

"Titaniamu haishikwi na sumaku. Hiki ni chuma, kimepakwa rangi tu."

Akagusa pete ya nje, ile ya kuhesabia dakika za chini ya maji. Ikachezacheza kama jino la mtoto. Akaigeuza saa, atazame mgongo wake. Ule wa kweli hufungwa kwa kuzungushwa hadi ukaze. Huu ulikuwa umebanwa tu, ukang'oka kwa ncha ya kisu. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa mwembamba kama uzi, tena umekatika. Maji ya kahawia yakamwagika juu ya gazeti. Mishale ilikuwa imesimama saa nne na dakika ishirini.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema Koplo Mukiri, ambaye kunyamaza hakukuwa miongoni mwa kazi zake.

"Ile ya mzee ingeshuka mita mia mbili bila kumeza tone," alisema Kobia. Sauti ilikuwa imemshuka. "Hii haifai hata kuoshea vyombo."

"Kwa hivyo si yenyewe?" Kathure alikuwa amesimama.

Kobia aliyatazama yale maji yakilowesha gazeti.

"Niandike aje, fundi?" Koplo aliuliza, kalamu mkononi.

"Andika si titaniamu. Andika ni feki."

Kathure alipiga magoti pale pale na kulia kilio ambacho hakukilia wiki zote tatu, kilio cha furaha. "Murungu wakwa, Mungu wangu! Nilijua!" Kisha, kamasi bado zinamtoka, akampigia shemeji yake simu. "Mwambie seremala aache hilo jeneza. Murithi yuko. Huyo wa Gachoka ni wa wenyewe, kaunti itamzika."

Alikuwa amekuja na mfuko wa viazi, kwa maana mtu haendi kwa fundi mikono mitupu. Kobia alikataa kuupokea. Kathure akausukuma chini ya meza kwa nguvu.

"Chukua! Umenirudishia bwana yangu. Akifika tu nitamleta mwenyewe akushukuru."

Koplo akairudisha saa kwenye bahasha, wakaondoka. Kobia aliwasikiliza mpaka kicheko cha yule mama kikamezwa na kelele za soko. Akavuta mlango.

Kisha akafungua kifungo cha mkono wa kushoto na kukunja shati, aone ni saa ngapi. Ilikuwa saa tano kasoro robo. Saa yenyewe ilikuwa nyepesi, ya kijivu, kavu kabisa ndani ya kioo. Alikuwa ameivaa mwaka mzima, tangu siku Murithi alipoiacha hapo kubadilishwa betri akarudishiwa ya sokoni, na ngozi ya Kobia haikuwa na upele hata mmoja.