Jina la Mkato la Akiba ya Damu

Asubuhi hospitali ilipohamia mfumo mpya wa kompyuta, Sikudhani, fundi aliyeuhamisha, hakutulia. Muuguzi Mwanakombo aliingia akihema.

"Dada Siku, kuna mzazi anavuja damu. Nikitafuta akiba, kompyuta inagoma!"

Sikudhani aliisoma amri ya kutafutia damu. Ndani ya amri, jedwali la akiba lilikuwa limepewa jina la mkato, yaani jina fupi la kuliitia, na kabla ya jina hilo palikuwa na neno "AS", la Kiingereza lenye maana ya "kama". Mfumo wa zamani ulilikubali. Huu mpya haulitaki. Akalifuta neno hilo, akaiendesha amri upya.

Orodha ya chupa za damu ikajitokeza kwenye kioo cha kompyuta.

"Zipo!" Mwanakombo akatoka mbio.

Sikudhani akafungua amri ya oksijeni. Neno lile lile lilikuwemo. Akafungua ya wodi ya watoto; humo nako limo. Simu ya mezani ikaanza kulia.