Radhi za Nyumba kwa Nyumba

Nyumba ya nne, na bado hakuna aliyemgombeza. Rehani alitoka uani kwa Bi Kuluthumu ameshika bakuli la uji ambalo hakuliomba, amenuna.

Alikuwa amekwenda kumwomba radhi. Mwaka juzi alimwita mama ntilie huyo mchafu mbele ya wateja wake, kisa moshi wa jiko lake kuingia dukani kwa Rehani, na mama wa watu akakosa wateja wiki nzima. Alitegemea kumwagiwa maneno, na alijiandaa kuyapokea kimya. Badala yake Bi Kuluthumu alimtazama machoni, akamtazama shingoni, akasema yamekwisha, baba, kunywa uji upate nguvu.

Nguvu za nini, hakusema.

Haya yote aliyataka mwenyewe. Zamani, alipokuwa meneja wa duka la ushirika, Rehani alikuwa na haki ya kununa. Sukari ilikuwa ya foleni. Ukimkasirisha, unarudi nyumbani na kikapu kitupu. Sasa ni enzi ya ruksa, kila mtu anauza atakacho; ana duka lake la spea za baiskeli Kizota, na mteja akinuniwa anavuka barabara tu. Ndipo akajiandikisha kwenye semina ya siku tatu ya mahusiano mema na kujiendeleza. Ngozi ivute ingali maji, wanasema, na ya kwake ilikuwa imekauka miaka hamsini na mbili.

Mwalimu, kijana wa suti aliyetoka Dar es Salaam, aliwaambia waandike majina ya wote waliowakosea, wawafuate mmoja mmoja, waombe radhi bila kujitetea. Tena waache sigara na sukari, na waende kazini kwa miguu. Rehani si mtu wa nusunusu. Miezi miwili baadaye suruali zilikuwa zinamvuka, na orodha yake ilikuwa na majina kumi na saba.

La kwanza lilikuwa la kaka yake, Abdulnasiri, anayelima kijijini Busi, Kondoa. Kwenye harusi ya binti wa Abdulnasiri gunia la sukari lilipotea, na Rehani akamwita kaka yake mwizi mbele ya wakwe. Jioni gunia likaonekana kwenye lile duka la ushirika, chini ya magunia ya maharage. Rehani aliliona, akanyamaza, na miaka kumi na moja ikapita bila salamu. Hilo ndilo jina alilolitaka kwa moyo wote. Mengine kumi na sita yalikuwa ya kujinoa tu.

Alimwandikia barua. Kimya. Akaandika ya pili, kimya. Mwishowe alimsimamisha dereva wa lori la Kondoa, akamtuma kwa mdomo: mwambie kaka naomba radhi kwa yote, ya siri na ya dhahiri, maana hakuna ajuaye kesho yake. Dereva, ambaye siku zote ni msemaji, aliitikia kwa kichwa tu.

Huku akisubiri jibu aliendelea na orodha, na kila alikopita alisamehewa harakaharaka, kama mtoto anayepewa pipi anyamaze. Ilimuudhi mno. Mtu umemdhulumu, unataka akwambie ulivyomuumiza, naye anakupigapiga bega na kukuuliza kama unapata usingizi. Sostenes, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amegombana naye juu ya mpaka wa karakana tangu mwaka wa njaa. Alizima mashine, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamuuliza kama nyumbani yupo mtoto anayeijua kazi ya duka.

"Niambie ukweli wako, Sostenes," Rehani alisema. "Nitukane."

"Nikutukane wewe, sasa hivi? Mungu hatanielewa."

Hata mkewe, Mwanamvua, aliyeombwa radhi kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini ya ndoa, aliingia jikoni akalia. Tangu siku hiyo anampikia supu kila asubuhi na hambishii neno. Rehani aliukumbuka ubishi wa mke wake kwa uchungu. Kama si lile jina la kwanza, angeichana orodha.

Ijumaa, baada ya swala, lori la Kondoa lilisimama mbele ya duka. Rehani alikuwa juu ya ngazi, akipigilia bati lililoachia. Abdulnasiri alishuka wa kwanza, amezeeka, kanzu imejaa vumbi, na nyuma yake mkewe na wazee wawili wa ukoo. Alikuwa akilia kabla hajakanyaga ardhi. Hakutazama juu. Alimwendea Mwanamvua, aliyekuwa amekaa mlangoni mwa duka.

"Nimemsamehe, shemeji," alisema. "Duniani na akhera. Nipeleke nimwambie mwenyewe, kama bado anasikia."

Kule juu Rehani alisikia miaka kumi na moja ikimtoka kifuani. Alishuka mbio, akasimama mbele ya kaka yake na nyundo mkononi, anacheka, machozi yanamtiririka.

"Shikamoo, kaka."

Abdulnasiri alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. Kwapani alikuwa amebana kifurushi. Ncha ya bafta nyeupe ya sanda ilichungulia, na harufu ya karafuu maiti ikaenea barazani.

"Huumwi?"

"Siumwi, kaka. Mzima kabisa."

"Dereva alisema unapita nyumba kwa nyumba ukiaga."

Abdulnasiri alifuta machozi, akampa mkewe kile kifurushi, akaweka mguu kwenye kipandio cha lori.

"Basi maneno yangu nimeyarudisha," alisema. "Ukiugua kweli, uniite."