Jiwe la Sikudhani

Mtaalamu wa mambo ya kale aliligeuza mara moja tu lile jiwe ambalo Sikudhani alikataa kuliponda, akalitupa kwenye lundo la kokoto.

"Limevunjwa na mto hili, mama, si kifaa cha watu wa kale. Endeleeni na kazi."

Msimamizi wa machimbo akashusha pumzi. Kifaa cha kale kingesimamisha kazi yote; sasa kesho kilima kingelipuliwa kama ilivyopangwa.

Sikudhani hakuinuka. Miaka ishirini alikuwa akiponda kokoto pale, kwa mkono wa kushoto, na wenzake walikataa kukaa karibu naye kwa kuwa vipande vyake viliwarukia usoni. Akaokota jiwe jingine, akaligonga ukingoni. Kipande kikachomoka, kikaacha kovu lililobonyea kama ukucha. Kisha akalitoa lile la kwanza kwenye lundo, akalirudisha mkononi mwa mtaalamu.

"Hesabu makovu kama hili. Saba, ukingo mmoja, yamefuatana kama meno. Mto hupiga ovyo, bwana. Huo mto wako ulijifunza wapi kazi yangu?"

"Wewe mama, usibishane na elimu!" msimamizi akafoka.

"Sibishani na elimu. Nabishana na yeye. Haya, lishike kama unayetaka kukata nyama."

Mtaalamu akalishika kwa mkono wa kulia. Likamchoma kiganjani. Akaligeuza, likamchoma tena.

"Sasa kushoto," Sikudhani akasema.

Akalihamisha. Kidole gumba kikateleza hadi kwenye kishimo, kikatulia, na ukingo mkali ukatazama nje.

"Lete hapa tuliponde," msimamizi akasema, mkono ameunyoosha.

Vidole vya mtaalamu havikufunguka.