Sheria ya Pili ya Lifti

"Watu arobaini wako chini wanangoja kupanda, na mashine yako imenuna," nyapara alisema. "Izime, binti. Hapa Rustenburg tulichimba bila kompyuta kabla hujazaliwa."

Fundi Keneilwe aliigeukia kompyuta ya lifti. Sheria za lifti ya mgodi alizitunga yeye. Ya kwanza: isiende kamwe mlango ukiwa wazi. Ya pili aliiingiza asubuhi hiyo: baada ya kila safari, mlango ufunguliwe kwanza ndipo safari nyingine ianze. Alisoma kumbukumbu za safari kwenye skrini.

"Safari iliyopita ilileta watu sita juu," alisema. "Kompyuta inasema mlango haukufunguliwa hata mara moja. Walitokea wapi, mzee wangu, dirishani?"

Mchimbaji mmoja nyuma yao alicheka.

Keneilwe alipitisha kidole nyuma ya komeo la mlango wa lifti, kikagusa sumaku ndogo kama kifungo cha shati, imezungushiwa utepe mweusi. Ndiyo iliyokuwa ikiidanganya swichi kwamba mlango umefungwa. Akaibandua.

"Irudishe," nyapara alisema. "Komeo limevunjika tangu Jumatatu. Nikiripoti, shimo linafungwa wiki nzima. Unanijua mimi?"

"Nitairudisha. Wewe ingia, nikuteremshe ukawachukue watu wako."

Lifti ilikuwa tupu. Mlango wake, bila kuguswa na mtu, ukafunguka taratibu, ukabaki unaning'inia.

Nyapara alirudi nyuma hatua moja.