Sebule ya Siku Moja

Frigo, jokofu la kuazima, ilipitishwa juu ya ua wa nyuma saa tatu na nusu asubuhi. Wanaume wanne waliibeba, na Mama Adolphine aliwafuata akiwasihi wasipige kelele. Kila kitu kilipitia huko nyuma ili watu wa barabarani wasione: fotei za jirani Rachida, vile viti vyenye mito, mapazia ya mke wa mchungaji, televisheni ya Didier pamoja na jenereta yake. Mtaa mzima wa Mikelenge ulikuwa unajua, lakini Adolphine aliamini kwamba ni siri.

Wageni wangefika saa sita kutoka Kibombo. Walikuwa watu wa Alain, wanakuja kupiga hodi rasmi kwa ajili ya Glodie, binti pekee wa nyumba. Glodie alikuwa muuguzi hukohuko Kibombo, na Alain mwalimu. Glodie alikuwa amekwisha kukataa wachumba wawili, tena wenye pesa zao, na kuhusu huyu alisema waziwazi: akimkosa, hataki mwingine. Mama yake alimjua kwa ukaidi. Wiki nzima hakulala vizuri.

"Mama, Alain nilishamuambia sisi tuko watu ya kawaida," Glodie alisema, akipangusa frigo ya watu.

"Wewe ulimuambia. Wazee wake wanakuja na macho."

Baba Florentin, mstaafu wa reli, alikuwa amekaa kwenye fotei kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Aliuliza viti vyao vya mbao vimekosa nini. Viti vilikuwa jikoni, vimefunikwa kwa kuni.

Adolphine hakuwa hivi zamani. Wakati wa vita, mji ulipozingirwa na treni zikakoma, alijipaka majivu, akavaa gunia juu ya kitenge chake, Glodie akiwa mtoto mchanga mgongoni. Wenye bunduki walisimama mlangoni, wakamwangalia, wakacheka, wakapita. Umaskini ule wa kuigiza uliwaokoa. Lakini kile kicheko hakikumtoka mpaka leo, na aliapa kwamba hakuna mtu atakayemwangalia mtoto wake namna ile.

Saa sita na robo jeep ikasimama mbele ya nyumba. Adolphine alichungulia. Jeep nyeupe, safi, na dereva wake kabisa!

"Florentin! Hawa ni watu wakubwa! Glodie alisema mwalimu, hakusema jeep!"

Alikimbilia chumbani, akavua kitenge alichovaa, akavaa kingine kizuri zaidi. Nacho kilikuwa cha Rachida.

Wakaingia watatu: Alain, mama yake Julie, na baba yake mdogo, Mzee Waziri, ambaye ndiye angesema kwa niaba ya familia. Walikaa kwenye ncha za fotei, hawakuegemea. Mama Julie aliangalia mapazia, akaangalia televisheni, akarudia tena mapazia. Adolphine aliona wazi kwamba wanapimwa. Yeye mwenyewe alikuwa amekalia mahali fotei ilipochanika, na hakuthubutu kuondoka pale hata kupakua chakula.

"Hii frigo inawaka kila siku?" Mama Julie aliuliza.

"Kila siku. Maji ya moto hatuyawezi tena."

Uongo ule ulimteremka vizuri mpaka akajishangaa. Mama Julie akamtazama shemeji yake. Mzee Waziri akatazama sahani.

"Na binti," Mama Julie akaendelea taratibu, "kazi ya nyumba anaizoea?"

"Glodie? Huyu tulimulea kama yai. Taabu haijui."

Glodie, ambaye alibeba ndoo kutoka Lualaba utoto wake wote, alifungua mdomo. Mama yake akamkanyaga mguu. Alain alikuwa anamwangalia Glodie kwa mshangao.

Kuku wa pili hakuguswa. Nje dereva alipiga honi mara mbili, akanyoosha kidole kwenye saa yake. Watu wenye shughuli nyingi, Adolphine aliwaza, na sisi tunawachelewesha na wali. Alijuta kwamba hakuazima na vile vikombe vya kioo. Akaongeza sauti ya televisheni, kisha akaipunguza, kisha akaongeza tena.

Wageni wakaomba ruhusa watoke kushauriana. Walisimama karibu na jeep muda mrefu. Alain alikuwa anasema kwa mikono yote miwili, na mama yake anatikisa kichwa tu.

"Wametudharau," Adolphine alinong'ona. Machozi yalikuwa karibu. "Nilijua. Vitu havikutosha."

Florentin alipapasa mfuko wa shati, kwenye karatasi ya mahari. Alikuwa ameandika mbuzi wawili na kitenge kimoja cha mama, basi. Kama wangetaka, hata mbuzi mmoja angemfuta.

Walirudi. Hakuna aliyekaa. Alain alisimama mlangoni, macho chini. Mzee Waziri alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Baba, mama, tumekula, tunashukuru," alisema. "Tulikuja kuomba mutoto. Alain alituambia muko watu kama sisi, na sisi tukamusadiki. Lakini tumeona. Kwetu tuko watu munane ndani ya vyumba mbili, na hata mafuta ya taa si ya kila siku. Hata hii jeep si yetu, tulipewa lifti tu. Musikasirike. Mumutafutie Glodie watu wa kiwango yenu."