Kamba ya Kengele ya Serpaia

Nitegulieni hiki, mliokaa karibu na mliokaa mbali: nina punda hali nyasi wala hanywi maji, akienda husimama, akisimama huanguka. Mmesema baiskeli? Mna akili. Basi Jumapili ile Egisto alikuwa juu ya punda huyo, katikati ya kilima cha Serpaia, na macho yake hayakuwa barabarani. Yalikuwa kwenye kidole gumba cha rafiki yake Livio.

Kidole kile kiliingia chini ya usukani, kikabonyeza kitu, kikatoka. Ni pale kwenye mizeituni ya mwisho, kilima kinapoanza kukaza. Jumapili iliyopita kilifanya vivyo hivyo, mahali palepale.



Kwetu barabara za juu ni nyeupe, za changarawe tupu, magari hayapiti. Ukipanda husikii ila tairi zako na pumzi zako. Na desturi ni moja. Kengele ya kanisa dogo lililo kileleni huipiga yule aliyefika juu ya tandiko, kwa nguvu za miguu yake. Aliyeshuka akakokota, hata kidogo, hagusi kamba. Anakula maharage yake kimya.

Kwa Egisto kamba ile ilikuwa uhai. Alipotoka hospitali alikolazwa kwa ajili ya moyo, mkewe Ornella alimwambia mbele ya watu kwamba siku Egisto atakayokokota baiskeli, ndiyo siku yeye mke atakayoigawa. Egisto akapanda. Akapanda tena vizuri kuliko kabla hajaugua, akawa anawacheka vijana wa mjini na kaptura zao za kubana. Mara moja tu miguu ilimgomea, Livio alipokuwa na mafua na yeye akatoka peke yake. Aligeuza kabla ya mizeituni, akamwambia mkewe kwamba safari bila mwenzi haina ladha. Ornella akamshauri amngoje Livio apone.

Huyo Livio ni fundi baiskeli. Kila Ijumaa hupita kuichukua baiskeli ya Egisto akaioshe vumbi, na Jumapili asubuhi huirudisha inang'aa. Alipoifunga tairi mpya pana ikawa nzito kidogo, lakini nani atamlaumu fundi asiyetaka hata asante? Ndugu wa tumbo moja hakufanyii hivyo.

Ila Livio ni mkubwa kwa Egisto, na goti lake bovu. Mtu wa namna hiyo anapandaje bega kwa bega na mwenzake mpaka juu? Siku hizi kuna mota nyembamba, huingia ndani ya bomba la fremu usiione, huwashwa kwa kitufe kidogo tu. Na Mama Zelinda, anayetupikia kule kanisani, alikuwa amekwisha kusema kwamba wawili wale wakipita, yeye husikia mlio kama wa nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Livio alikuwa akihema sana njia nzima. Jumapili ile Egisto aliona hata kuhema kule ni maigizo.

Walipofika, Livio akanyoosha mkono kwenye kamba. Egisto akaiwahi.

"Mota umeificha wapi, Livio?"

Watu wakaacha mikate yao. Livio akamtazama yeye, akawatazama watu.

"Nakuuliza wewe, bwana. Miaka yote nakuita ndugu. Umeificha wapi?"

"Labda gotini," mwenzetu Fosco alitania, na wengine wakacheka, mpaka walipoona Livio hacheki. Mama Zelinda akamsihi akanushe, neno moja tu, watu warudi kwenye chakula. Hakukanusha. Alivua shingoni kitambaa cha chama chetu cha waendesha baiskeli, akakikunja vizuri, akakiweka mezani karibu na sufuria. Kisha akashika baiskeli yake akaondoka akiikokota.

Watu wakasema basi, mwizi kakiri. Wakamwachia Egisto kamba, akapiga. Kengele ikalia kama siku zote, lakini yeye hakuisikia utamu.

Alimkuta Livio chini kwenye mizeituni, ameketi juu ya ukuta wa mawe. Egisto alishuka. Akamwambia kwamba kule hospitali, walipomchomeka mirija, kitu alichokiwaza ni njia hii, wao wawili na jasho lao la haki. Akamwambia afadhali angemwibia shamba.

"Ungesema umechoka, ningekungoja. Ningekokota na wewe, Ornella aigawe hiyo baiskeli, potelea mbali. Lakini kunidanganya mimi?"

Livio aliinama. Halafu akamsukumia baiskeli yake, kama mtu anayesema haya, tazama mwenyewe.

Egisto akachomoa tandiko, akachungulia bomba. Tupu. Akagonga bomba la chini, likajibu utupu. Akapapasa chini ya usukani. Kulikuwa na kitufe kidogo, kama cha shati, kisicho na waya wa kwenda popote. Akakigeuza geuza kwa kidole, asielewe.

"Kwa mara ya mwisho, Livio. Mota iko wapi?"

Livio alitazama juu barabarani, akahakikisha hakuna aliyewafuata.

"Umeikalia wewe," alisema, "tangu utoke hospitali. Ornella ndiye aliyeniomba."