Nyayo za Mlangoni

Vumbi la gari lililomchukua mumewe kwenda safari lilikuwa halijatulia, Salha akawafungulia mlango watu wa usafi aliowaita tangu jana.

"Tuna usafi wa aina tatu," alisema msimamizi wao, mwanamke mwenye glavu hadi viwikoni. "Wa juujuu, tunafagia na kupiga deki. Wa kati, tunaongeza jiko na vyoo. Wa kina, tunasogeza kila kitu na kusugua kuta mpaka darini."

"Wa kina."

Mama mkwe wake, Bi Msimu, aliinuka kitini. "Mtu akisafiri, nyumba haifagiwi siku hiyo. Ukifuta nyayo zake, harudi. Kwenu hawakukufundisha?"

"Walinifundisha, mama. Ndiyo maana nimewaita leo."

Msimamizi alijikohoza. "Labda leo wa juujuu tu, dada. Wa kina tuje wiki ijayo."

"Wa juujuu hautoi ile." Salha alionyesha doa la kahawia ukutani, usawa wa kichwa chake. "Ni damu yangu. Muulize mama, alikuwa amekaa hapo hapo alipokuwa amekaa sasa hivi."

Bi Msimu alikwenda mlangoni, ambako viatu vya mwanawe vilikuwa vimeacha nyayo za vumbi kwenye sakafu nyekundu. Akatandaza kanga yake juu ya nyayo hizo, akaketi, akanyoosha miguu.

Msimamizi alisimama na ndoo mkononi. "Nianzie wapi?"

"Hapo mlangoni," alisema Salha. "Mwaga."

Maji yakaanza kutambaa kuelekea kwenye kanga, na Bi Msimu hakukunja mguu.